Kadi ya mgeni ikigoma kwenye bili kubwa, usimwangalie kama hana hela

Nafanya kazi mapokezi hapa Kigoma mjini, upande wa malipo, na wageni wetu wengi ni wale wa kwenda Gombe na Mahale kuona sokwe. Mtu akilipa soda au sahani ya mgebuka kadi inapita bila neno, ila ikifika ile bili kubwa, boti ya kukodi mpaka Mahale ambako ni zaidi ya kilomita 100 kusini kwa njia ya ziwa, vyumba, chakula, muongoza watalii, vyote kwa pamoja dola 4,000 hivi, hapo ndo kadi inagoma. Na kinachoniuma sio kadi kugoma, ni ile namna watu wanavyomgeukia mgeni. Nahodha anamwangalia, mhudumu anamwangalia, mgeni mwenyewe anaanza kutokwa jasho na kujieleza kwa mke wake, na kuna mtu lazima atasema pembeni kwa Kiswahili kwamba huyu kumbe hana hela. Nimeona hili mpaka nimeamua niandike, maana asilimia kubwa ya watu wanaokaa kwenye kaunta hawajawahi kuelezwa nini kinatokea, wamepewa mashine na kuonyeshwa kitufe cha kijani basi.

Hela mara nyingi anayo. Tatizo ni kwamba benki yake haina uhakika kama ni yeye.

Tuanze na nani anakataa, kwa sababu watu wanaigombeza mashine. Mashine ya POS, hii ya kulipia kwa kadi, haina maamuzi. Ukichomeka kadi inatuma ombi kwa benki yetu sisi wafanyabiashara, benki yetu inalisukuma kwenye mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, mtandao unalifikisha kwa benki iliyotoa hiyo kadi, ambayo labda iko Ohio au Manchester, na hiyo ndo inasema ndio au hapana, afu jibu linarudi njia ileile mpaka kwenye karatasi yako, na vyote hivyo ni sekunde chache kama mtandao wa simu siku hiyo uko vizuri. Kwa hiyo ukimwambia mgeni "mashine yetu imekataa kadi yako" unamdanganya bila kujua, na ukimwambia "huna salio" unamdanganya zaidi.

Jibu linakuja na namba ya tarakimu mbili, na mashine nyingi zinaichapa kwenye risiti au kuionyesha kwenye kioo. Zijue. 00 imekubaliwa. 51 hela haitoshi au mkopo umefika ukingoni. 54 kadi imeisha muda wake. 61 umezidi kiwango cha pesa, 65 umezidi idadi ya mara unazoruhusiwa. 91 benki iliyotoa kadi haipatikani kwa muda huo. 41 kadi iliripotiwa kupotea, 43 iliripotiwa kuibwa. 59 wanahisi wizi. Halafu kuna 05, ambayo ni benki kukataa bila kusema sababu, na kwenye bili kubwa za wageni hiyo 05 ndo naikuta kuliko zote, wakati watu wote wa kaunta wanaisoma kana kwamba ni 51. Benki nyingi hata zikihisi wizi hazitumi 59, zinatuma 05 kimya kimya, na sababu inaeleweka, kama aliyeshika kadi ni mwizi kweli hutaki ajue amegundulika akiwa amesimama mbele ya dada wa kaunta aliye peke yake.

Sasa kwanini kiasi kikubwa kiamshe benki? Fikiria mwenye duka la mtaani kwenu mnayechukua kwake vitu kwa daftari. Kila siku mwanao anakuja kuchukua sukari nusu, mafuta ya kupimiwa, sabuni ya kipande, mwenye duka anaandika tu. Siku moja anatokea kijana ambaye hamjui vizuri anasema nimetumwa na mama fulani, naomba gunia mbili za mchele na kreti kumi za soda, andika kwake. Mwenye duka mwenye akili hasemi huyo mama ni maskini, anasema ngoja kwanza nimpigie. Benki inafanya hicho hicho, ila haina macho wala haikujui sura, inachojua ni tabia ya kadi yako tu.

Na hili la kupiga simu kwanza limeanza zamani kuliko watu wanavyodhani. Huko Marekani kabla kompyuta hazijaunganishwa kila duka lilikuwa na kiwango chake, ukinunua chini ya hapo karani anachapa kadi kwenye karatasi na kuangalia kijitabu cha namba za kadi zilizoibwa, basi umeondoka, ukinunua juu ya hapo lazima apige simu kuomba ruhusa na wewe umesimama unasubiri na watu nyuma yako kwenye foleni. Mwaka 1973 wale waliokuja kuitwa Visa mwaka 1976 waliwasha mfumo wa kompyuta wa kuomba ruhusa, na kuanzia hapo ombi likawa linapita kati ya benki na benki kwa kompyuta. Kwa hiyo tangu mwanzo ukubwa wa pesa ndo ulikuwa unaamua nani aulizwe na nani aachwe apite.

Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Mwaka 1992 kampuni moja ya San Diego, HNC Software, ilitoa programu inaitwa Falcon ambayo haikuangalia kiasi peke yake, ilijifunza kutoka kwenye miamala mingi iliyopita, ya kweli na ya wizi, halafu ikawa inaupa kila muamala alama kati ya 1 na 999, jinsi alama inavyopanda ndivyo wasiwasi unavyopanda. HNC baadaye, mwaka 2002, iliungana na Fair Isaac, hawa wanaojulikana kama FICO, na Falcon bado inatumika kwenye mabenki mengi. Alama ikishatoka ni benki yenyewe inaamua mstari iuweke wapi, chini ya hapa ruhusu, hapa katikati ruhusu lakini mtumie meseji, hapa juu kataa na umuulize, huku juu kabisa funga kadi. Ndo maana wageni wawili wa kundi moja, wa nchi moja, bili sawa sawa, mmoja kadi inapita na mwingine inagoma, wako benki tofauti na kila benki ina mistari yake na kila mtu ana historia yake.

Vitu vinavyoangaliwa ukivijua hutashangaa tena. Kiasi ukilinganisha na unachotumiaga, sio kiasi chenyewe. Mtu ambaye kila mwezi analipia hoteli na ndege dola 4,000 haimshtui mtu, mstaafu ambaye mwezi mzima ni dukani na petroli inashtua. Aina ya biashara, kila mfanyabiashara ana namba ya tarakimu nne inayoonyesha anafanya biashara gani, 5411 ni duka la vyakula, 5812 mgahawa, 4511 mashirika ya ndege, 5732 duka la vifaa vya umeme, 5944 vito na saa, na vitu ambavyo mwizi anaweza kuviuza haraka kama simu na dhahabu vinaangaliwa kwa jicho kali kuliko chakula ambacho ukishakula kimeisha. Nchi. Saa. Kama kadi imechomekwa chipu au namba zimeandikwa kwa mkono. Kama umewahi kununua kwa huyu mfanyabiashara. Na mfuatano, hili ni muhimu sana, kwa sababu wezi wa kadi wanapenda kujaribu kwanza na kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai halafu ndo wanapiga kubwa. Sasa ona mgeni wetu alivyo, amefika jana Kigoma, nchi ambayo kadi yake haijawahi kuingia, jioni amenunua maji ya dola mbili, asubuhi saa 2 anachomeka kadi ileile kwa dola 4,000, na kwao New York muda huo ni saa 7 usiku au saa 6 kutegemea msimu. Mtu mzima mwenye heshima zake, kwenye kompyuta ya benki anafanana kabisa na mwizi. Hana kosa na benki nayo haina kosa.

Kuna mama mmoja mtu mzima kutoka Uingereza nitamtumia kama mfano maana kesi yake ilikuwa na karibu kila kitu kwa pamoja. Boti iko tayari, mafuta yameshawekwa, na nahodha anataka kuondoka mapema kabla upepo haujalichafua ziwa. Kadi ikagoma, 05. Akaomba nijaribu tena, 05. Akaniambia basi gawanya, elfu moja moja mara nne. Nikamwambia hapana mama, tukae kwanza. Nahodha akaja mlangoni, "Dada, hawa wanaenda au hawaendi?" Nikamwambia "Subiri kaka, benki yake inamuuliza kitu, hajaona." Na kweli alikuwa hajaona, maana simu yake alikuwa ameizima rominga tangu ametua Dar ili asikatwe hela, kwa hiyo meseji ya benki ilikuwa haina pa kufikia. Tulimuunganisha waifai, akafungua apu ya benki, na pale juu kabisa kulikuwa na swali, je ni wewe unalipa kiasi hiki Tanzania, ndio au hapana. Akabonyeza ndio. Tukasubiri dakika chache, nikachomeka kadi ileile, kiasi kilekile, mashine ileile, ikapita. Alinishika mkono na macho yakamlenga, na mimi nilielewa, kusimama mbele ya watu usiowajua ukiwa unaonekana kama tapeli ni kitu kizito kwa mtu wa umri ule.

Sasa kwanini nilimkatalia kugawanya. Benki ikishakuwa na wasiwasi halafu ikaona dola 1,000 mara nne mfululizo kwa mfanyabiashara mmoja, huo wasiwasi unazidi, ndo tabia ya mtu anayetaka kukamua kadi kabla haijafungwa. Unaweza ukatoka kwenye muamala mmoja uliokataliwa ukaingia kwenye kadi nzima kufungwa, na kadi ikifungwa kabisa kuifungua ni simu ya nusu saa na maswali ya usalama. Pia kanuni za mitandao ya kadi zinatukataza wafanyabiashara kuvunja mauzo ya kitu kimoja vipande vipande kwenye kadi moja ili kukwepa kuomba ruhusa ya kiasi kizima. Kurudia rudia ni hivyo hivyo. Kila ukichomeka tena bila mwenye kadi kuijibu benki unaongeza mafuta kwenye moto.

Kingine ambacho makarani wanafanya na mabosi wanafurahia, chipu ikigoma wanaandika namba za kadi kwa mkono kwenye mashine. Acha kabisa. Chipu ndo ushahidi wako kwamba kadi yenyewe ilikuwepo, inatengeneza msimbo mpya kwa kila muamala ambayo mwizi hawezi kuinakili. Ukiandika kwa mkono unatupa huo ushahidi, benki inaona hatari zaidi, na hata ikipita, siku mwenye kadi akisema sio mimi niliyelipa, hela inarudishwa kutoka kwenu nyinyi, na madai kama hayo yanaweza kuja mpaka siku 120 baadaye, wakati nahodha ameshalipwa, mafuta yameshachomwa na mgeni ameshasahau jina la mji.

Na hii kwenye upande wa kaunta naiandika kwa herufi za moyo. Zamani, na mara chache mpaka leo, jibu linaweza kuwa 01, yaani ongea na benki. Hapo ni wewe karani unapiga simu kituo cha benki yako, wanawasiliana na aliyetoa kadi, wakiridhika unapewa namba ya ruhusa ya tarakimu sita unaiingiza. Matapeli wanaijua hiyo njia. Kadi inagoma, mteja anajifanya kupiga simu benki yake mbele yako, anaongea kwa sauti, anacheka na mtu ambaye hayupo, halafu anakwambia wamenipa namba ya ruhusa, andika hii. Mashine inaweza kuikubali namba yoyote kwa njia hiyo kwa sababu haiulizi benki muda ule. Mwaka 2014 waendesha mashtaka Marekani walimshtaki mtu kwa kufanya hivyo kwenye maduka ya Apple mara 42, thamani yake zaidi ya dola 300,000. Namba ya ruhusa haitoki mdomoni kwa mteja hata kama ni mchungaji, inatoka kwenye simu uliyopiga wewe kwa namba uliyonayo wewe. Ukihisi kitu hakiko sawa na hutaki mteja ajue, kuna neno la wafanyabiashara wa kadi dunia nzima, unapiga unasema ni Code 10, wanakuuliza maswali ya ndio na hapana tu.

Kuna jambo jingine la mtandao wetu huku. Unachomeka kadi, ombi linafika Uingereza, benki inasema ndio na kuishikilia ile dola 4,000, halafu jibu likiwa njiani laini inakatika na mashine yako inasema imeshindikana. Wewe unaona haijalipwa, mgeni akifungua apu anaona inasubiri. Mashine inatakiwa itume ujumbe wa kufuta, saa nyingine unafika saa nyingine unachelewa. Ukichomeka mara ya pili imeshikiliwa 8,000. Ya tatu inakuja 51 na ni 51 ya kweli kabisa, mkopo wake umejaa vitu ambavyo havijalipwa. Hapo usibishane na mgeni, mwombe aonyeshe apu, piga picha ya risiti zako zote zilizoshindikana, na mpigie simu mtu wa benki yenu afute. Kiasi kilichoshikiliwa bila kukamilishwa kinaachiwa baadae, inachukua siku kadhaa kutegemea na benki yake.

Watu wananiuliza sasa kwanini hao wazungu wasilipe na debiti kadi tu kama sisi, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, hela yako si ipo. Hapa ndo sheria za kwao zinaingia. Marekani tangu sheria ya mwaka 1970 mwenye kadi ya mkopo akiibiwa hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50 kwa matumizi ambayo sio yake, hasara inayobaki haiji kwake. Debiti kadi ni sheria nyingine, ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ujue kadi imepotea ni dola 50, ukichelewa ni mpaka 500, na ukikaa zaidi ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti bila kusema kitu unaweza kupoteza zaidi ya hapo. Uingereza kuna kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974, ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha bei kuanzia zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000 na muuzaji asikupe ulicholipia, unaweza kuidai benki iliyotoa kadi kama vile unamdai muuzaji mwenyewe. Yaani boti yangu ikiharibika na nisimrudishie yule mama hela yake, benki yake ya Uingereza inaingia kwenye deni hilo. Ukishaelewa hivyo hutashangaa kwanini benki inaamka usiku ikiona dola 4,000 zinaenda Kigoma, ni hela yake iko hatarini, sio ya mteja. Kwa hiyo kama ni mimi ndo benki na mimi ningeuliza.

Kuna wengine wenye kadi za American Express ambazo hazina kikomo kilichowekwa mapema, watu wanadhani maana yake unanunua chochote. Sivyo. Maana yake wanaamua kila mara kutokana na ulivyolipa madeni na unavyotumia, na miaka ya themanini walitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuwasaidia wafanyakazi wao waliokuwa wanaamua maombi makubwa kwa simu, kwa sababu kila ombi kubwa lilikuwa linahitaji mtu afikirie. Kitu kizuri kwao ni kwamba mteja anaweza kuingia kwenye akaunti yake akaandika kiasi anachotaka kutumia, ikamwambia kabla kama kitakubaliwa. Natamani benki zote zingekuwa na hicho kitu.

Tulichobadilisha sisi kazini ni kidogo. Wiki moja kabla mgeni hajafika tunamtumia imeli, tunamwandikia kiasi halisi atakacholipa, kwa dola, jina la biashara litakavyoonekana kwenye muamala (hili watu wanalisahau, jina kwenye ubao wa nje na jina lililosajiliwa benki mara nyingi ni tofauti, mgeni akiulizwa na benki yake anasema hapana simjui huyo, amejifunga mwenyewe), nchi na tarehe. Tunamwomba aangalie kama benki yake inapokea taarifa za safari, maana nyingine zimeacha wanasema mfumo unajua wenyewe, hasa kama tiketi ya ndege umeinunua na kadi hiyohiyo. Tunamwambia awe na apu ya benki imewekwa tayari na inafunguka bila meseji kwenda kwenye laini ya nyumbani. Na abebe kadi ya pili ya benki tofauti. Malipo tunachukua jioni ya siku aliyofika na sio asubuhi boti inanguruma, kwa sababu jioni kwetu kwao ni mchana, akipiga simu kuna mtu wa kupokea, na yeye mwenyewe ameshaoga amekula ametulia. Tangu tuanze hivyo zile asubuhi za aibu zimepungua sana.

Nije kwa sisi wenyewe, maana na huku kwetu watu wanaumia. Kadi nyingi tulizonazo ni debiti au zile za kuweka hela kwanza, kadi za mkopo ni za wachache, na kinachokukamata hapa mara nyingi ni kikomo cha siku ambacho benki imekuwekea bila wewe kujua. Jamaa yangu anauza vipuri vya injini za boti pale Mwanga, wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanamjua, aliagiza mzigo Dubai kwa kadi, hela yote ipo kwenye akaunti, ikakataa. Akaambiwa na muuzaji wa kule kadi yako haina hela. Alikasirika siku nzima na akataka kuhama benki. Akaenda tawini akakuta mambo mawili, kadi yake ilikuwa haijawahi kufunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, na kikomo cha siku kilikuwa chini ya ule mzigo. Akajaza fomu, wakafungua, wakapandisha kikomo kwa siku chache, ikapita.

Kwa debiti kumbuka pia kwamba pesa ikishikiliwa ni yako ya kweli, sio ya benki. Mgeni wa kadi ya mkopo akishikiliwa dola 4,000 mara mbili anakosa raha, wewe ukishikiliwa milioni kumi za mtaji mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika, wiki hiyo hununui dagaa na wanawake wanaokuanikia wanakungoja ufukweni. Kwa hiyo hili la kurudia rudia kuchomeka linatuuma sisi kuliko wao. Ikigoma mara moja, uliza kwanza namba iliyotoka kwenye risiti.

Na benki zetu nazo nazisema hapa bila kumtaja yeyote, kwanini mteja ajue kikomo chake siku ambayo kimemkwamisha mbele ya watu? Kiandikwe kwenye karatasi siku unampa kadi, kiwepo kwenye apu aweze kukiona na kukipandisha mwenyewe kwa namba yake ya siri hata kama ni Jumapili na mzigo uko bandarini, na yule dada wa huduma kwa wateja afundishwe kusoma hizo namba za tarakimu mbili badala ya kumwambia kila mtu "jaribu tena baadae".